Jibu la Kwanza Linapofika Mwisho

Machi 1999 Microsoft ilitoa toleo la tano la kivinjari chake, Internet Explorer. Ndani yake mlikuwa na kifaa kidogo kilichotokana na kazi ya ofisini kabisa: kusoma barua pepe. Timu ya Outlook Web Access, akiwemo Alex Hopmann, ilitaka ujumbe mpya uonekane bila ukurasa mzima kufutika na kupakiwa tena. Kifaa hicho kikaitwa XMLHTTP. XML iliingia katika jina kwa sababu kilipewa nafasi ndani ya maktaba ya XML, basi. Siku hizi mrithi wake, XMLHttpRequest, hubeba data za kila namna, na mara nyingi ni JSON.

Wengi walizinduka baadaye. Gmail ilikuja Aprili 2004, Google Maps ikafuata Februari 2005, na watu wakashangaa kuiburuta ramani kwa kipanya huku ukurasa umetulia palepale. Mwezi huohuo Jesse James Garrett akaupa mtindo huo jina la Ajax.

Ugumu wa Ajax unatokana na tabia ya JavaScript, lugha ya programu ambayo ndani ya ukurasa hufanya jambo moja tu kwa wakati mmoja. Ikiamua kusimama kungoja seva, vitufe havibonyezeki, na maandishi hayaingii kwenye kisanduku. Kwa hiyo hufanya kama mwenye duka aliyekosa chenji: humtuma kijana kwa jirani, naye anaendelea kuwahudumia wateja wengine. Jibu likirudi hupanga foleni, na hushughulikiwa pale JavaScript inapomaliza kazi iliyo mkononi.

Zoezi zuri la kujifunzia ni kisanduku cha kutafutia miji. Mtu akiandika “mo”, ombi linakwenda kwenye seva na orodha inarudi: Mombasa, Morogoro, Moroni, Moshi. Akiongeza “r”, ombi la pili linaondoka, na panatakiwa kubaki Morogoro na Moroni. Kwa fetch, inayotuma ombi na iliyoanza kuingia kwenye vivinjari mwaka 2015, na await, inayongoja jibu na iliyopitishwa rasmi kwenye lugha mwaka 2017, yote haya ni mistari michache tu.

Hapo mwanafunzi hudhani amemaliza. Kumbe hakuna aliyeahidi kwamba majibu yatarudi kwa mpangilio ule ule wa maombi. Jibu la “mor” likitangulia na la “mo” likachelewa njiani, lililochelewa ndilo litakaloandikwa juu ya lenzake, na Mombasa itarudi kwenye orodha ya mtu ambaye kisanduku chake kinasoma “mor”. Kwenye kompyuta ya mwanafunzi kosa hili halijitokezi kirahisi, kwa kuwa seva ya majaribio imo humo humo na hujibu papo hapo. Ndiyo maana zoezi lisilo na mtandao mbovu halifundishi kitu. Chrome na Firefox zina zana za kupunguza kasi ya intaneti kwa makusudi. Bora zaidi ni kuiagiza seva ichelewe kwa muda wa kubahatisha, sekunde moja mara hii, tatu mara nyingine, kisha kuandika haraka haraka na kutazama orodha ikivurugika.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kulipatia kila ombi namba, na kulitupa jibu lolote ambalo namba yake si ya ombi la mwisho. Ya pili ni AbortController, inayokata ombi la zamani mara jipya linapoanza (ingawa seva huenda imeshaifanya kazi yote bure).

Kuna mtego mwingine, nao umewanasa hata wazoefu. Seva ikijibu 404, yaani kinachotafutwa hakipo, fetch haihesabu hilo kuwa kosa. Kwake, mradi jibu limefika, safari imefanikiwa. Ni juu ya mwandishi wa programu kuikagua response.ok, inayoonyesha kama jibu ni la mafanikio. Asipoikagua, programu yake itaupokea ukurasa wa 404 na kujaribu kuusoma kama orodha ya miji.