Mto Clyde: Maji Haba, Meli Kubwa

Ukisimama ufukweni mjini Greenock, magharibi ya Uskoti, maji yakiwa yamekupwa, utaona katikati ya mlango wa Mto Clyde kitu cheusi chenye kutu kimelala ubavu. Kwa mbali mgeni hudhani ni nyangumi aliyekufa. Ni meli. Jina lake Captayannis, ilikuwa ya Wagiriki, na wenyeji huiita tu meli ya sukari. Imelala hapo tangu Januari 1974.

Usiku ule kulikuwa na dhoruba. Captayannis ilikuwa imetia nanga ikingoja zamu ya kuingia gatini kushusha shehena yake ya sukari. Nanga ikaburura. Upepo ukaisukuma hadi kwenye minyororo ya nanga ya meli ya mafuta iliyokuwa jirani, na minyororo hiyo ikaitoboa chini ya usawa wa maji. Nahodha alipoona maji yanaingia kwa kasi, aliielekeza meli kwenye fungu la mchanga na kuikwamisha kwa makusudi. Ulikuwa uamuzi wa baharia anayelijua jukumu lake: chombo kinachozama kwenye kina huweza kuondoka na watu, kilichopwelewa funguni huwapa muda wa kutoka. Mabaharia wote waliokolewa. Kulipokucha meli ilikuwa imelala ubavu, na sukari ikawa inayeyuka baharini. Hakuna aliyejitokeza kuchukua dhamana ya kuiondoa, na leo wapangaji wake ni ndege.

Nimeanza na mzoga huu kwa sababu fungu lililoupokea ndilo linaloeleza karibu kila kitu kingine unachokiona pale. Watu wengi wamesikia kwamba Clyde imeunda baadhi ya meli kubwa kuliko zote za zama zake, wakadhani ni mto wenye kina kirefu. Kwa asili yake si hivyo hata kidogo. Ni mto wa maji haba, uliojaa mchanga na matope. Hata mahali meli zinapotia nanga mbele ya Greenock huitwa Tail of the Bank, yaani mkia wa fungu, kwa kuwa hapo ndipo mafungu yanapokoma na kina kinapoanza.

Zamani meli za kwenda ng'ambo hazikuweza kuufikia mji wa Glasgow. Mwaka 1668 wafanyabiashara wa mji huo walilazimika kununua ardhi chini ya mto na kuanzisha bandari yao huko. Ndiyo Port Glasgow ya leo, zaidi ya kilomita 25 kutoka mjini. Mizigo ilipakuliwa hapo na kupandishwa kwa mashua ndogo.

Karne moja baadaye, mwaka 1768, mhandisi John Golborne kutoka Chester alikuja na wazo ambalo mimi naliona kuwa miongoni mwa mawazo safi kabisa katika uhandisi wa maji. Hakutaka kuchimba tu. Alitaka mto ujichimbe wenyewe. Alishauri zijengwe kuta fupi za mawe kutoka kila ukingo kuelekea katikati, ili njia ya maji iwe nyembamba. Maji ni yaleyale, njia imebanwa, basi lazima yaende kasi zaidi. Na maji yaendayo kasi huzoa mchanga na kuuondoa. James Watt, yule wa injini ya mvuke, ambaye ni mzaliwa wa Greenock, ndiye aliyepima kina cha mto kwa ajili ya kazi hiyo. Karibu na Dumbarton palikuwa na tatizo la pekee, kwa kuwa mto uligawanyika njia mbili na kupoteza nguvu. Hapo ukajengwa ukuta mrefu unaofuata urefu wa mto, Lang Dyke, ili njia moja ipate maji ya kutosha. Maji yakipwa, mstari wake wa mawe bado unaonekana.

Juu ya eneo hilo umesimama Mwamba wa Dumbarton, mabaki magumu ya volkano ya kale, na ngome juu yake. Kwa rubani apandishaye meli, huo ni alama isiyoweza kupotea hata siku ya ukungu mwepesi. Meli ya matanga Cutty Sark iliundwa chini yake mwaka 1869.

Mto ulipopata kina, kila kitu kilifuata. Mwaka 1812 Henry Bell alianza kubeba abiria kwa Comet, mashua ya mvuke iliyoundwa Port Glasgow, ya kwanza Ulaya kufanya biashara hiyo kwa mafanikio. Mwaka 1907 ilisimikwa Clydebank kreni kubwa ya Titan, na mpaka leo imesimama peke yake pale palipokuwa na karakana ya John Brown. Lakini hata karakana hiyo haikuusahau uhaba wa maji. Queen Mary, yenye urefu wa mita 310, ilishushwa majini mwaka 1934 mahali ambapo mto ni mwembamba kuliko urefu wa meli yenyewe. Iliwezekana kwa sababu karakana ilitazamana na mdomo wa Mto Cart: meli iliteremshwa kwa mshazari, shetri ikatangulia kuelekea mdomo huo. Ilipoondoka kushuka mto Machi 1936, ilikwama kwa muda njiani.

Chombo ninachokipenda kuliko vyote pale ni Waverley. Ilishushwa majini mwaka 1946, na ndiyo meli ya mwisho duniani ya abiria iendayo baharini kwa magurudumu ya makasia. Ukiingia ndani unaweza kusimama hatua chache kutoka kwenye mashine. Unasikia harufu ya mafuta ya moto, unaona mikono ya chuma iliyong'arishwa ikipanda na kushuka. Ina silinda tatu. Mvuke huingia kwanza silinda ndogo ukiwa na nguvu nyingi, ukatoka kwenda ya kati, kisha ile kubwa humalizia nguvu iliyobaki. Mvuke mmoja hufanya kazi mara tatu. Makasia ya gurudumu hayakukazwa moja kwa moja. Fito za chuma huyageuza kadiri gurudumu linavyozunguka, ili kila kasia liingie majini wima badala ya kuyapiga kama kofi. Mhimili ni mmoja kwa magurudumu yote mawili, kwa hiyo nahodha hawezi kuzungusha moja mbele na jingine nyuma. Kuifikisha gatini penye upepo kunahitaji mkono uliokomaa. Sifa yake kubwa ni kwamba haihitaji kina kirefu. Mwaka 1974, mwaka uleule wa Captayannis, iliuzwa kwa wapenzi wa meli kwa pauni 1, nao wameitunza.

Ukiona dohani nyekundu yenye simba, hicho ni kivuko cha kampuni ya Caledonian MacBrayne. Kimoja kati ya vivuko vyake, Glen Sannox, kilishushwa majini Port Glasgow mwaka 2017 lakini hakikuanza kazi mpaka Januari 2025. Na kilipoanza hakikuweza kutumia bandari ya zamani ya Ardrossan, kikaondokea Troon. Wakazi wa kisiwa cha Arran, kinachohudumiwa na kivuko hicho, ndio walioumia, na kwa maoni yangu kuunda kivuko kabla gati halijawa tayari ni kosa lisilo na udhuru.

Anayetoka baharini hukutana na mnara wa taa wa Cloch, mweupe wenye mshipi mweusi, uliowashwa mwaka 1797 pale meli zinapogeuka kufuata mto. Kuanzia hapo maboya ndiyo mwalimu. Ukiingia kutoka baharini, jekundu lenye umbo la pipa libaki kushoto kwako, la kijani lenye umbo la pia libaki kulia. Umbo limewekwa kwa sababu rangi hupotea jua likiwa usoni. Sheria ni hiyohiyo Kilindini na Dar es Salaam. Huko Marekani rangi zimegeuzwa.

Na sisi wa maziwa makuu tuna deni letu kwa mto huu. Paisley, mji ulio juu ya ule Mto Cart, ndiko kampuni ya Bow, McLachlan ilikounda meli ya mvuke William Mackinnon, iliyoshushwa Ziwa Victoria mjini Kisumu mwaka 1900. Ilipewa jina la mwanzilishi wa Kampuni ya Imperial British East Africa, mzaliwa wa Campbeltown kwenye mdomo wa ghuba ya Clyde. Meli za namna hiyo ziliundwa kwa vipande, kila bamba likatiwa alama, zikasafirishwa zikiwa zimefunguliwa, kisha zikaungwa upya ziwani kwa ribiti. Vivuko vya mabehewa, MV Umoja na MV Uhuru, vilitoka karakana ya Yarrow mjini Glasgow katika miaka ya 1960. Karakana hiyohiyo iliunda MV Victoria, ambayo vipande vyake viliunganishwa Kisumu na ikaanza kazi mwaka 1961. Ilifanyiwa ukarabati mkubwa, na tangu 2020 imerudi majini kwa jina la MV New Victoria Hapa Kazi Tu, ikibeba abiria kati ya Mwanza na Bukoba.