Nani Atakuwamo, Nani Ataachwa?

Kila mwezi wa Agosti unapoelekea ukingoni, baraza za Mombasa hupata maneno mapya. Habari za harusi, za bei ya samaki na za siasa huwekwa kando, na watu wazima wenye mvi zao hushika vikombe vya kahawa tungu wakibishana juu ya vijana ambao hawajapata kuwaona ila kwenye televisheni: nani jina lake litaandikwa na nani litakatwa. Nazungumzia ile orodha ya wachezaji ambayo kila klabu ya Ligi Kuu ya Uingereza hulazimika kuiwasilisha usajili ukisha kufungwa. Aliyemo ana haki ya kuchezeshwa. Asiyekuwamo, hata akiwa na jina la kutikisa dunia, atafanya mazoezi na wenzake, na siku ya mechi atakaa kitako atazame kama mimi na wewe.

Wako watakaouliza mtu wa mashairi ana haja gani na mambo haya. Mimi naona yanafanana mno. Atungaye tarbia ana mizani kumi na sita katika mshororo, nane huku na nane huku, na hapana msamaha. Huenda akawa na neno tamu, la asili, alilolipenda tangu utotoni, na bado akaliacha nje kwa sababu tu mshororo umejaa. Neno halina kosa lolote, ila nafasi haipo. Na mtu ajuaye kuhesabu mizani aweza kukisia ni neno gani litakaloachwa kabla mtunzi mwenyewe hajakata shauri.

Nasema kukisia, sisemi kutabiri. Chuoni tulifundishwa mapema kwamba ghaibu aijua Mwenyezi Mungu peke yake, na mwalimu wetu hakuwa na mchezo na wapiga ramli. Lakini mwalimu huyo huyo alikuwa akitwambia siku ya bamvua kwa kuutazama mwezi tu, na maji yakaja siku ile ile aliyoitaja. Bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Hiyo ni hesabu, si ghaibu. Nami nawashutumu jamaa zetu wa barazani kwa jambo hili moja: wengi wao hupiga ramli wakidhani wanapiga hesabu. Mtu humtaja mchezaji kwa kuwa ampenda, kisha akatafuta sababu baadaye.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tangu msimu wa 2010/11, klabu haina ruhusa ya kuandikisha zaidi ya wachezaji 25 waliopita umri wa vijana, na katika hao wasizidi 17 ambao hawakulelewa nyumbani. Vijana wa chini ya miaka 21 hawahesabiwi. Hao huchezeshwa bila ya kuchukua nafasi ya mtu. Na hiyo “kulelewa nyumbani” haina maana ambayo mtu angeifikiria. Utaifa hauulizwi. Linaloulizwa ni kama mchezaji aliandikishwa na klabu ya Uingereza au ya Wales kwa misimu mitatu, au miezi 36, kabla ya kumaliza ule msimu anaotimiza miaka 21. Kwa hivyo Cesc Fàbregas, Mhispania aliyeingia Arsenal mwaka 2003 akiwa na miaka 16, alihesabiwa mtoto wa nyumbani. Naye Eric Dier, Mwingereza aliyeichezea timu ya taifa ya Uingereza, akahesabiwa mgeni kwa kuwa alikulia Ureno akalelewa na Sporting ya Lisbon. Nilipolieleza jambo hili barazani, mzee mmoja fundi wa mashua alicheka hadi kahawa ikamwagika. Alisema Waingereza kumbe nao wana mambo ya “huyu ni mwenyeji, huyu ni wa kuja,” kama sisi.

Sasa tuitazame orodha moja iliyoleta zogo kubwa hapa pwani, ile ya Arsenal ya Oktoba 2020. Mesut Özil, Mjerumani wa asili ya Kituruki, bingwa wa dunia wa mwaka 2014, Mwislamu asiyeficha dini yake, aliachwa nje. Watu walighadhibika. Nilisikia kwa masikio yangu mtu akiapa kwamba hatatazama mpira tena (alirejea baada ya Ijumaa mbili). Neno lililotapakaa mjini lilikuwa moja: ameadhibiwa kwa kuwatetea Waislamu wa Kiuighuri.

Neno hilo halikutoka hewani. Disemba 2019 Özil aliandika hadharani juu ya mateso ya Wauighuri wa Uchina, na kuwalaumu Waislamu wenziwe kwa kunyamaza. Klabu yake ikajitenga na maneno yale, ikisema haijiingizi katika siasa. Televisheni ya serikali ya Uchina ikaiondoa mechi ya Arsenal na Manchester City iliyokuwa ionyeshwe tarehe 15 ya mwezi huo. Hayo yote ni kweli, na klabu ile haikujipatia sifa yoyote kwa namna ilivyokimbia.

Lakini mwenye kuhesabu hakomi hapo. Mwisho wa mwezi ule ule Arsenal ilikuwa na mwalimu mpya, Mikel Arteta, na Arteta alimchezesha Özil mechi baada ya mechi. Tarehe 7 Machi 2020, walipocheza na West Ham, ni Özil aliyempa Lacazette mpira wa bao pekee la siku ile. Kisha ikaja korona, viwanja vikafungwa. Aprili, klabu iliwaomba wachezaji wakubali kupunguziwa mshahara kwa asilimia 12.5. Wengi walikubali. Özil, ambaye mkataba wake wa mwaka 2018 ulimpa pauni 350,000 kwa wiki, alikataa. Mpira uliporejea Juni, hakuingia uwanjani hata dakika moja. Kwa nini? Yaliyo moyoni mwa watu ni ghaibu nayo. Arteta alisema ni mambo ya mpira tu na kwamba ni yeye aliyeshindwa kumnufaisha. Kila mtu ana hiari ya kusadiki au kutosadiki. Mimi nakiona kile cha mshahara kuwa kizito kuliko cha Uchina, kwa kuwa ndicho kilichokuja karibu zaidi na kuachwa kwake.

Na kwa mkisiaji, sababu si muhimu kama dalili. Hebu tuhesabu. Usajili ulipofungwa Arsenal ilikuwa na wachezaji 19 wasiolelewa nyumbani. Hata Kieran Tierney, Mskochi, alikuwa katika hesabu ya wageni. Sheria yasema 17. Kumi na tisa toa kumi na saba: wawili lazima watoke, apende asipende. Na klabu ndiyo kwanza ilikuwa imemnunua Thomas Partey wa Ghana kwa Euro milioni 50. Mtu hanunui jahazi kwa fedha hizo akalitia ghalani. Mabeki wa kati walikuwa wanane, kwa hiyo mmoja wa kutoka yamkini atoke huko, naye akawa Sokratis, Mgiriki. Wa pili? Mtazame aliyekuwa hajacheza tangu Machi, aliyekuwa akitimiza miaka 32 mwezi ule ule, ambaye mkataba wake ulibakiwa na miezi, na ambaye siku chache kabla alikuwa ameachwa katika orodha ya mashindano ya Europa. Bamvua lilikuwa limekwisha kufika kizingitini, na bado baraza likabisha.

Inafaa isemwe pia kwamba katika siku hizo hizo, klabu ilipomwachisha kazi mtu aliyekuwa akivaa vazi la mnyama wa kuchekesha watoto uwanjani, Özil alijitolea kumlipa mshahara wake. Alipoachwa nje aliandika kwamba amevunjika moyo, na kwamba uaminifu siku hizi ni adimu. Januari 2021 aliondoka kwenda Fenerbahçe. Mpaka alipoondoka alikuwa akilipwa, achezi, alipwa. Hilo tulikumbuke, maana nitalirejea.

Nao wanaoweka fedha juu ya makisio haya kwa simu zao, hukumu ya kamari inajulikana na kila aliyepita chuoni. Sina la kuongeza isipokuwa kwamba sijamwona mmoja wao akihesabu.

Kuwamo katika orodha nako kuna daraja zake. Sisi Wakenya tunazo ndugu wawili wa kututolea mfano. McDonald Mariga alikaribia kwenda Manchester City Januari 2010, akakosa kibali cha kazi cha Uingereza, ambacho siku zile kiliangalia nchi ya mchezaji imesimama wapi katika daraja za FIFA. Siku chache baadaye Inter Milan ikamchukua. Mei mwaka ule, fainali ya klabu bingwa za Ulaya ilipochezwa Madrid, Mariga alikuwa miongoni mwa wachezaji wa akiba. Inter ikatwaa kombe, hakuingizwa. Mwaka 2019 fainali ilirudi Madrid, na safari hii aliyekaa benchi, upande wa Tottenham, alikuwa mdogo wake Victor Wanyama. Naye hakuingizwa. Ndugu wa tumbo moja, mji mmoja, miaka tisa kati yao, na wote wakakaa karibu na chaki bila ya kuivuka. Hata hivyo walikuwamo, na majina yao yamo hata leo.

Hapa kwetu jambo hili lina uchungu mwingine. Pwani ina historia yake katika mpira. Feisal ya Mombasa ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 1965, na wazee bado wanaitaja. Kijana wa mtaani kwetu, winga wa kushoto mwenye mbio za paa, aliitwa kujaribiwa na klabu moja ambayo sitaitaja. Alikuja kwangu jioni na furaha tele.

“Shikamoo, ami. Mwalimu kasema nimo.”

“Marahaba. Kasema au kaandika?”

Alikuwa kasema tu. Kijana akaacha kibarua chake cha kupakia mizigo bohari, akafanya mazoezi miezi miwili kwa nauli ya mamake auzaye mahamri. Orodha iliposomwa, jina halikutajwa. Kumbe katika timu ile walikuwako mawinga wa kushoto watatu wenye mikataba. Yule wa London alipokatwa aliendelea kupokea mamia ya maelfu ya pauni kila wiki. Huyu wa kwetu hata nauli hakurudishiwa, na kibarua alikuwa kishapewa mwingine. Ilimchukua karibu mwaka kupata kazi tena bohari nyingine.

Juzi alikuja tena, baada ya Ishaa. Klabu nyingine imemwita. Safari hii alikuwa na karatasi mkononi, ameandika majina ya wachezaji wote, nafasi zao na mikataba yao inakwisha lini, kadiri alivyoweza kuulizia.

“Ami, mawinga wa kushoto ni wawili. Mmoja goti lamsumbua tangu Ramadhani, na mwingine mkataba wake waisha Disemba.”

Nikamwuliza juu ya kazi.

“Sikuacha, ami. Nimeomba zamu ya usiku.”

Tukakaa kibarazani na ile karatasi mpaka taa za duka la mbele zikazimwa, tukihesabu upya kuanzia golikipa.