Gitaa ni la Nani?



Jumamosi moja usiku, katika baa ya hapa Bwiza, nilisikia ugomvi ambao haukuhusu mpira wala bei ya bia. Mpiga gitaa wa bendi iliyokuwa ikitumbuiza alikuwa ameonekana Buyenzi akipiga harusini na kikundi kingine. Mkubwa wake akamwita msaliti mbele ya wateja. Kijana akajibu taratibu kwamba harusi ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa yeye halipwi.

Jibu hilo lilinikaa kichwani. Mchuma chai wa Teza akishapimiwa majani yake, jioni hurudi kulima maharage yake mwenyewe, na hakuna nyapara anayemwita msaliti. Mbona mwanamuziki aitwe?

Shauri hili si geni. Tulitazame huko Kinshasa, zilikotoka nyimbo nyingi ambazo baa zetu zimezicheza miaka yote. Januari 1960, wakati mji ule ungali ukiitwa Léopoldville, Joseph Kabasele wa African Jazz alialikwa Brussels kuwatumbuiza wajumbe wa mkutano wa uhuru wa Kongo. Hakwenda na watu wake peke yao. Aliwachukua pia Vicky Longomba na Brazzos, na hao walikuwa watu wa OK Jazz, bendi ya Franco, mshindani wake. Katika safari hiyo ndipo ulipotoka wimbo Indépendance Cha Cha. Baadaye Vicky alirudi OK Jazz na kuimba kama zamani. Basi kazi ya nje, ikifanywa waziwazi, haikuivunja bendi.

Miaka minane baadaye mambo yalikuwa mengine. Verckys Kiamuangana, mpiga saksafoni, alikuwa ndani ya OK Jazz tangu 1963. Mwaka 1968 Franco akiwa safarini Ulaya, Verckys aliwakusanya baadhi ya wenzake wa bendi hiyo hiyo, wakarekodi nyimbo kwa siri. Franco aliporudi akazipata habari. Ugomvi ukawaka, na mwaka 1969 Verckys akatoka na kuunda Orchestre Vévé.

Nani alikuwa na haki? Mimi siwezi kumsifu mtu anayewachukua wenzake gizani wakati kiongozi yuko safarini. Lakini tutazame na upande wa pili. Ujira wa usiku mmoja wa dansi huisha usiku ule ule, au kesho yake sokoni. Santuri huuzwa miaka. Mpigaji ambaye hana fungu katika santuri ni kibarua, hata kama jina lake linajulikana kutoka Matadi mpaka Kigoma. Na mwenye vyombo ndiye anayepanga nani apige, wapi, na kwa malipo gani.

Verckys alilielewa jambo hilo, maana alipotoka alikuwa mwenye bendi na mtoaji wa santuri, akawa tajiri. Kumbe yaliyomkuta Franco nayo yakamkuta yeye. Mwaka 1972 waimbaji wake watatu, Mario, Djeskain na Sinatra, walimkimbia wakaanzisha Trio Madjesi, jina lililoungwa kwa silabi za kwanza za majina yao. Aliyekuwa mfanyakazi mkorofi sasa alikuwa mwajiri aliyekimbiwa!

Msomaji atasema: hao ni matajiri wa muziki, sisi tuna vyama vyetu. Vizuri, tuseme juu ya chama. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi cha Tanganyika, NUTA, kiliunda bendi yake, NUTA Jazz. Vyombo vilikuwa vya chama, na wanamuziki walilipwa mshahara wa mwezi. Ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, mwimbaji Muhidin Gurumo, aliyekuwamo tangu mwanzo, aliondoka mwaka 1978 kwenda Mlimani Park. Mwaka 1985 tajiri Hugo Kisima akamvuta yeye na wenzake waende Orchestra Safari Sound. Mshahara ulikuwepo, chama kilikuwepo, na bado watu walihama wakitafuta zaidi. Tusijifiche: chama nacho kilikuwa mwajiri, na vyombo havikuwa vya wapigaji.

Kwa hiyo mimi ningemwambia yule mkubwa wa bendi ya Bwiza aandike karatasi moja tu. Siku zipi ni zake, siku zipi ni za kijana, gitaa likiazimwa nani analipa nyuzi zikikatika, na wimbo ukirekodiwa kila mtu anapata nini. Sidhani kama ingejaza hata ukurasa.

Gurumo hatimaye alirudi kwenye bendi ile ya chama, iliyokuwa imebadili jina kuwa JUWATA, halafu OTTU, halafu Msondo Ngoma. Alistaafu mwaka 2013, akiwa ameimba zaidi ya miaka hamsini, akasema wazi kwamba muziki haukumpatia hata baiskeli. Mwaka huo huo Diamond Platnumz, kijana wa muziki wa siku hizi, alimpa gari kama zawadi. Gurumo alifariki Aprili 2014.