Upimaji wa Kipokezi Mumunyifu cha Intalukini-2 kwa Mbinu ya Elisa: Maana na Mipaka ya Tarakimu

Kipokezi cha intalukini-2 hujitokeza kwa wingi juu ya utando wa seli T zilizoamshwa. Seli hizo zinapofanya kazi kwa nguvu, sehemu ya mnyororo alfa wa kipokezi hukatwa na kuingia katika damu. Umbo hili mumunyifu lilielezwa mwaka 1985, na wingi wake katika seramu huchukuliwa kuwa kielelezo cha kuamka kwa kinga ya mwili. Makala hii inafafanua jinsi wingi huo unavyopimwa, na inadai kwamba tarakimu inayopatikana haiwezi kutenganishwa na seti ya vitendanishi iliyoizalisha.

Mbinu ya Elisa ilianzishwa na Eva Engvall na Peter Perlmann nchini Uswidi mwaka 1971. Katika muundo unaotumia kingamwili mbili, kingamwili ya kwanza hugandishwa katika vishimo vya sahani ya plastiki, ambavyo kwa kawaida ni 96. Seramu inapotiwa, protini lengwa hunaswa na vitu vingine huoshwa. Kisha huongezwa kingamwili ya pili, inayotambua sehemu nyingine ya protini ileile na iliyounganishwa na kimeng'enya. Katika seti nyingi, kimeng'enya hicho huigeuza kemikali isiyo na rangi kuwa ya buluu. Asidi husimamisha mmenyuko, rangi huwa njano, na ufyonzaji wa mwanga husomwa kwenye nanomita 450.

Kinachosomwa, basi, ni mwanga wala si protini yenyewe. Usomaji hugeuzwa kuwa wingi kwa kuulinganisha na grafu ya sampuli rejea zenye wingi unaojulikana. Sampuli inayozidi ncha ya juu ya grafu haikadiriwi kwa kuirefusha grafu. Huzimuliwa, hupimwa upya, na jibu huzidishwa kwa kiwango cha uzimuaji. Iwapo uzimuaji mara 10 na mara 20 hautoi majibu yanayokaribiana, kuna kitu katika seramu kinachoingilia kipimo.

Uzito wa suala hili huonekana katika limfohistiositosisi ya hemofagositiki, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili kupita kiasi na unaoweza kuua haraka. Vigezo vya HLH-2004 hudai kutimizwa kwa vigezo 5 kati ya 8, kimojawapo kikiwa kipokezi hiki kufikia uniti 2,400 au zaidi kwa mililita. Hata hivyo, baadhi ya seti hutoa majibu kwa pikogramu, na hata zinazotumia uniti hutofautiana kwa kingamwili na sampuli rejea. Kuhamisha kikomo hicho bila ulinganishi kunaweza kumnyima mgonjwa tiba, au kumpa mwingine etoposidi, dawa inayodhoofisha uboho, pasipo sababu. Aidha, kipokezi hupanda pia katika limfoma na kifua kikuu. Hivyo hakitoshi peke yake.

Kwa hiyo, ripoti ya utafiti inapaswa kutaja seti iliyotumika, kipimio, kiwango cha uzimuaji, tofauti kati ya vishimo pacha na masafa ya kawaida yaliyothibitishwa katika maabara husika. Bila taarifa hizo, matokeo ya tafiti mbili hayawezi kulinganishwa, hata yakibeba tarakimu zilezile.