Mabango ya miji yetu yanamsemesha nani?

Kila mwaka huwatuma wanafunzi wangu wa isimujamii wakazunguke mjini na daftari mkononi. Kazi yao ni nyepesi kuieleza, ila ni nzito kuifanya: wachague barabara moja, kisha wanakili kila kibao, kila bango na kila onyo lililopakwa ukutani. Waandike ni lugha gani iliyotumika, herufi zake zina ukubwa gani, na maneno hayo yanamlenga nani.

Uchunguzi wa aina hii una jina katika taaluma yetu. Huitwa uchunguzi wa mandhari ya kiisimu. Mwaka 1997, wataalamu wawili wa Canada, Rodrigue Landry na Richard Bourhis, walichapisha makala wakaeleza kuwa maandishi ya hadharani hufanya kazi mbili. Ya kwanza ni kuarifu: hapa ni duka la dawa, pale ni kituo cha basi. Ya pili ni kuashiria: humjulisha mpita njia ni lugha ya nani inayoheshimiwa mahali hapo.

Mwaka baada ya mwaka, wanafunzi wangu hurudi na habari ile ile. Kinachokaribisha aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, na kinachokataza kwa Kiswahili. Benki, hoteli na vyuo hujitangaza kwa Kiingereza. Lakini ukutani utasoma "Usikojoe hapa". Kwenye uwanja wenye mgogoro utasoma "Shamba hili haliuzwi". Na kwenye malango ya matajiri utaikuta ile kauli mashuhuri, "Mbwa kali".

Wanafunzi huicheka kauli hiyo, kwa kuwa hata mwanagenzi wa darasa la nne anajua kwamba ngeli ya A-WA inadai "mbwa mkali". Mimi siicheki. Mwenye nyumba asingethubutu kutundika langoni Kiingereza kibovu kama hicho, kwani angeona haya mbele ya majirani. Kiswahili kwake ni bawabu tu: kazi yake ni kuwafukuza wapita njia, na mgeni wa heshima akibisha hodi, huitwa mwingine kumpokea.

Pengine msomaji atauliza: kuna hasara gani? Nitamjibu kwa kisa cha shangazi yangu. Bi mkubwa huyu hakusoma utotoni. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika madarasa ya ngumbaru, na tangu siku hiyo hapiti karatasi yenye Kiswahili bila kuisoma kwa sauti. Miaka michache iliyopita alikuja mjini kutibiwa macho. Nilimwacha kwenye ua wa zahanati moja, nikakimbilia darasani. Niliporejea baada ya saa tatu nilimkuta ameketi pale pale, na zamu yake imekwisha kupita. Hatua nne tu kutoka alipoketi palikuwa na kibao kikubwa kilichoelekeza wagonjwa wakachukue nambari katika dirisha la pili. Kilikuwa kwa Kiingereza kitupu.

"Mwanangu," aliniambia kwa sauti ya chini, "kumbe mimi bado ni ngumbaru."

Kibao kile kilimpokonya mama yule elimu aliyoipata kwa jasho, na hakuna afisa aliyeona kuwa kuna kosa lililotendeka. Ndipo nilipoanza kuchunguza jinsi miji yetu inavyotoa vibali vya mabango.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti jukumu la kudhibiti matangazo ya nje. Ajabu ni kwamba jukumu hilo limetajwa katika kifungu kimoja na uchafuzi wa hewa, makelele na kero nyinginezo za umma. Basi haishangazi kuwa kaunti hulitazama bango kama zitazamwavyo moshi na kelele: kitu cha kupimwa, kutozwa ada na, ikibidi, kung'olewa. Kwa kawaida mwombaji huulizwa bango litasimama wapi, lina mita ngapi, mwenye ardhi ameridhia au la, na kama ni refu, nani amethibitisha kuwa halitawaangukia watu. Maswali hayo yote ni ya haki. Lakini bango ni maneno kabla ya kuwa mbao na vyuma, na maneno yenyewe ndiyo tunayosahau kuyauliza, ilhali Kifungu cha 7 cha Katiba hiyo hiyo kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza.

Miji ya wenzetu imeyapima mambo haya kwa njia mbalimbali. Jiji la São Paulo nchini Brazil lilipitisha sheria ya "Jiji Safi" mwaka 2006, na ilipoanza kutekelezwa Januari 2007, mabango makubwa ya biashara yalipigwa marufuku. Duka lenye upana wa chini ya mita 10 liliruhusiwa kibao kisichozidi mita 1.5 za mraba. Hao walishughulikia macho.

Jimbo la Quebec nchini Canada lilishughulikia ulimi. Sheria yake ya mwaka 1977 iliagiza vibao vya biashara viandikwe kwa Kifaransa pekee. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Canada iliamua kuwa katazo hilo linakiuka uhuru wa kujieleza, ingawa ilikubali kuwa Kifaransa chaweza kupewa nafasi kubwa zaidi. Baada ya mvutano, sheria ya mwaka 1993 ikaruhusu lugha nyingine, mradi Kifaransa kionekane waziwazi kuzizidi.

Sipendekezi tuige Quebec. Kuna watakaosema, na wana haki, kwamba mfanyabiashara ana uhuru wa kuchagua lugha yake, na kwamba kinyozi wa mtaani tayari ameelemewa na ada. Sitaki askari wa kaunti apewe kisingizio kingine cha kumsumbua kinyozi huyo. Wapo pia watakaonikumbusha kuwa nyumba njema si mlango. Ni kweli, lakini wahenga walimalizia kwa kusema, "fungua uingie ndani". Asiyeweza kuusoma mlango ataufunguaje?

Rai yangu ni tatu. Kwanza, kaunti zianze na nyumba zao wenyewe. Kila kibao cha ofisi ya umma, hususan hospitali, mahakama na vituo vya usafiri, kiwe na Kiswahili sanifu chenye herufi zisizo ndogo kuliko za Kiingereza. Pili, fomu ya kuomba kibali cha bango kubwa iongezwe swali moja tu la lugha, na atakayetumia Kiswahili fasaha apunguziwe ada. Motisha hufundisha upesi kuliko faini. Tatu, kaunti ziwaajiri vijana waliohitimu Kiswahili wasome maneno ya mabango ya umma kabla hayajachorwa. Tunao wengi, na wengine wao hivi sasa wanahangaika kutafuta vibarua.

Asiyeamini kuwa jambo hili lawezekana avuke mpaka pale Namanga au Lungalunga. Hatua chache tu upande wa pili, maduka, benki na ofisi za serikali zinamsemesha mwananchi kwa Kiswahili, na biashara haijafa.

Nanyi walimu wenzangu, msingoje kaunti. Wapeni wanafunzi wenu daftari, mwatoe nje ya lango la shule, wanakili vibao kumi vya kwanza watakavyoviona. Wakirudi darasani, msiwaulize tu ni kipi kina kosa la ngeli. Waulizeni pia ni vingapi kati ya hivyo ambavyo nyanya zao wangeweza kuvisoma.

Shangazi yangu alirudi kwao na miwani mipya. Anaona vizuri sasa. Kilichobaki ni sisi kumwandikia kitu cha kusoma.