Bampa Imepauka? Msikimbilie Kununua Nyingine



Vikundi vingi vina gari: matatu, au pikapu ya kubebea mazao. Gari likishakaa juani miaka mingi, bampa na zile pembe nyeusi za plastiki hugeuka kijivu kama zimepakwa majivu. Siku ya kuliuza, mnunuzi anapapasa hapo hapo na kusema, "Hili limechoka," kisha anashusha bei. Je, mtoe pesa za kikundi mnunue bampa mpya? Mara nyingi hakuna haja.

Kwa nini hupauka?

Plastiki hiyo kwa kawaida ni ya aina ya polipropilini, iliyotiwa rangi nyeusi. Miale ya jua isiyoonekana kwa macho huivunjavunja ile ngozi ya juu. Ngozi hiyo hufanya nyufa ndogo ndogo sana, hushika vumbi, na ndipo weupe unapoonekana. Kumbe ndani plastiki bado ni nzima.

Fanyeni hivi:

1. Osheni kwa maji na sabuni, mkisugua kwa brashi. Suuzeni, mwache ikauke kabisa. Mkipaka chochote juu ya uchafu, mmepoteza pesa.

2. Jaribuni kwanza mahali padogo pasipoonekana.

3. Mkitaka weusi wa muda tu, pakeni dawa ya kung'arisha plastiki kwa kitambaa, mfute inayobaki. Mvua na jua zitaiondoa, basi mtarudia tena na tena. Mweka hazina apige hesabu hiyo mapema.

4. Mkitaka idumu, pigeni rangi. Pitisheni msasa laini, kama namba 400, kisha futeni vumbi na mafuta yote. Polipropilini haishiki rangi vizuri, kwa hiyo tangulizeni praima maalum ya plastiki. Halafu pulizeni rangi ya plastiki nyembamba nyembamba, mara mbili au tatu, kila moja ikikauka kwanza. Mwili wa gari ufunikeni kwa magazeti. Kazi hiyo ifanyike kivulini, penye hewa, mbali na moto.

Tahadhari

Wako wanaopaka oili chafu ya injini. Hapana! Inashika vumbi, inachafua nguo za abiria, na ikizoea kugusa ngozi yako inaweza kuleta saratani. Petroli na thina nazo msizitumie kusafishia: zinashika moto upesi, na taa za plastiki zinaweza kupasuka.

Fundi mwingine atawaambia, "Tuichome kidogo irudi nyeusi." Ni kweli, hewa ya moto huyeyusha ngozi ya juu na weusi hurudi. Lakini baada ya muda itapauka tena, na mkono ukikawia mahali pamoja bampa inapinda. Msikubali bampa ya kikundi iwe ya kujifunzia.

Je, ikiwa imepasuka?

Rangi haiungi ufa. Bampa iliyopasuka, au inayovunjika mkiikunja kidogo, itengenezwe au ibadilishwe. Na mkiuza gari, msifiche ufa kwa rangi. Mnunuzi akija kuugundua, jina la kikundi ndilo litakalopauka, na hilo halina praima.

Mkimaliza, liegesheni gari chini ya mti au kibanda. Kivuli hakinunuliwi dukani.