Mkanda wa Harusi Kwenda DVD: Umlipe Fundi, Ununue Vifaa au Uazime Deki?

Juu ya kabati la shangazi yangu, Buguruni Malapa, kuna boksi lenye mikanda sita ya video: kicheni pati, harusi, maulidi, arobaini ya babu, na miwili isiyoandikwa kitu. Juzi alinikabidhi. "Mwanangu, nipelekee Kariakoo wanitilie kwenye DVD. Ila usiniletee bei ya kunitoa roho."

Boksi kama hilo limo katika nyumba nyingi za Dar. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, kwa hiyo wengi walionunua seti kabla ya hapo walinunua na deki, na sherehe zikawa zinarekodiwa kwenye mikanda ya VHS. Leo mikanda ipo, deki hazipo. Kampuni ya mwisho kuzitengeneza, Funai ya Japani, iliacha Julai 2016. Kila deki inayofanya kazi mjini sasa ni kuukuu, na hapo ndipo hesabu yote inapoanzia.

Wengi huuliza, "DVD moja shilingi ngapi?" Swali hilo limekaa vibaya. Diski tupu ndiyo kitu rahisi kuliko vyote katika kazi hii. Ghali ni kuusoma mkanda: wa saa tatu unachukua saa tatu kamili kuhamishwa, dakika kwa dakika, wala hakuna fundi awezaye kuuharakisha. Mikanda sita ya shangazi, ikiwa imejaa, ni saa 18 za deki, umeme na mtu wa kuangalia.

Njia ya kwanza: fundi

Ukipanda daladala Buguruni na kufuata Barabara ya Uhuru hadi Kariakoo, ulizia studio za picha na mafundi wa redio na TV. Kabla ya kupatana, jua unalipia nini. Anayetoza kwa mkanda anakufaa kama mikanda yako imejaa. Anayetoza kwa saa anakufaa kama harusi yenyewe ni dakika 40 na sehemu iliyobaki ni tupu. Anayetoza kwa diski mwulize ataweka saa ngapi kwenye diski moja. DVD ya kawaida ina GB 4.7, na picha hukaa vizuri kwa kama saa mbili. Akibana saa tatu humo, nyuso zitaanza kuvunjika vipande vipande kila watu wanapocheza.

Njia ya pili: ujifanyie

Unahitaji deki nzima, nyaya za rangi tatu (njano ya picha, nyekundu na nyeupe za sauti), kifaa kidogo cha USB cha kunasa picha, na laptopu. Chukua mfano wa hesabu, kisha uweke bei utakazoambiwa wewe: tuseme fundi anataka 15,000 kwa mkanda, deki ya mtumba ni 100,000 na kifaa cha kunasa ni 50,000. Gharama yako ni 150,000, sawa na kumlipa fundi mikanda kumi. Chini ya kumi, nenda kwa fundi. Ikizidi kumi, au mkichanga majirani watatu wenye maboksi yao, vifaa vinajilipa, na deki unaweza kuiuza tena. Hakikisha LUKU ina uniti za kutosha, na rekodi kwa vipande vifupi: umeme ukikatika saa ya pili, faili zima laweza kuharibika.

Njia ya tatu: mashine ya pamoja

Zipo mashine zenye mdomo wa mkanda na mdomo wa diski, zinazorekodi kutoka huku kwenda kule bila kompyuta. Ukimpata ndugu anayeazima, hii ni nafuu kuliko mbili za kwanza. Kasoro yake ni kwamba unapata DVD tu. Na diski sharti ifungwe mwishoni kwa amri iliyomo kwenye mashine. Isipofungwa, deki ya DVD ya nyumbani huenda ikaikataa.

Njia ya nne: simu mbele ya TV

Ni bure, na matokeo yake yanafanana na bei. Picha inacheza, sauti inaingia na honi za bodaboda. Itumie kwa mkanda ambao hungeulipia hata hivyo.

DVD au flashi?

Shangazi ana deki ya DVD chini ya TV na anajua vitufe vyake, basi DVD ni haki yake. Wanawe hawana pa kuitia: laptopu nyingi za sasa hazina mdomo wa diski. Mwombe fundi akupe pia faili za MP4 kwenye flashi. Kwa kadirio la GB 2 kwa saa, flashi ya GB 32 hubeba kama mikanda mitano ya saa tatu. Mwambie akate kila faili libaki chini ya GB 4, kwa sababu flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo usiopokea faili kubwa zaidi. Kisha nakili pahala pa pili, maana flashi hupotea na diski ya kuchoma huharibiwa na joto na jua. Usitegemee WhatsApp kuwa ghala. Inaibana video mpaka chenga zinarudi.

Kabla hujautoa mkanda mkononi

Tazama kwenye kidirisha chake. Ukiona unga mweupe, huo ni ukungu wa unyevu wa pwani. Usiuingize kwenye deki yoyote kabla haujasafishwa, utachafua na deki na mikanda mingine. Vunja kibao kidogo cha plastiki mgongoni mwa mkanda, ili asije mtu akarekodi juu yake kwa bahati mbaya. Kama mkanda ulitumwa na ndugu wa Marekani, sema mapema: huko walitumia mfumo wa NTSC, sisi PAL, na si kila deki inasoma yote miwili. Wa kutoka Muscat hauna shida hiyo.

Mwisho, tangulia na mkanda usio na thamani. Sisi hatukufanya hivyo. Deki ya kwanza tuliyoazima ilikula mkanda wa kicheni pati mbele ya macho yetu, kwa sababu hakuna aliyeisafisha wala kuijaribu. Tuliokoa hela ya fundi, tukapoteza kama dakika kumi za mama wakubwa wakicheza.

Mikanda mitano iliyobaki nilimpelekea fundi mwenye bei ya juu kuliko wawili wa kwanza. Wale walinitajia bei kabla ya kufungua boksi. Yeye alitoa mkanda wa filamu wa kwake, akauchezesha nikiona, akafungua deki na kufuta hedi zinazousoma mkanda kwa spiriti, ndipo akauliza, "Tuanze na upi usioupenda?"